Abbas Kiarostami, mwongozaji filamu na mshairi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapowaonyesha watu filamu ya Kiarostami kwa mara ya kwanza, taa zikiwashwa tu maswali yanaanza, na mengi huwa ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili anayetaka asome kwa nafasi yake. Majina ya filamu nimeyatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili na kuweka mwaka, ili mtu aweze kuzitafuta.

## Mwanzo

1. Kiarostami ni nani?

Ni Mwirani aliyezaliwa Tehran tarehe 22 Juni 1940, akafariki Paris tarehe 4 Julai 2016 akiwa na umri wa miaka 76. Amezikwa Lavasan, kaskazini ya Tehran. Kwa zaidi ya miaka arobaini alitengeneza filamu, fupi na ndefu, za kubuni na za maisha halisi, na nyingine ambazo huwezi kusema ziko upande upi. Mwaka 1997 filamu yake ya *Ladha ya Cheri* ilipata Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la Cannes, ikigawana na filamu ya Mjapani Shohei Imamura.

Wengi humjua kwa hilo tu. Lakini alikuwa pia mchoraji, mpiga picha wa theluji na barabara, na mshairi mwenye diwani zake. Naliweka hili mapema kwa sababu ndilo linalofungua mengine: mtu huyu hakuwa na kazi mbili. Alikuwa na kazi moja, ya kutazama kwa muda mrefu kisha kupunguza, na aliifanya mara kwa kamera, mara kwa kalamu.

2. Aliingiaje kwenye filamu?

Taratibu, tena kwa njia za pembeni. Alitaka kusomea uchoraji Chuo Kikuu cha Tehran, akaanguka mtihani wa kuingia mara ya kwanza. Alipopata nafasi alijilipia maisha kwa kufanya kazi katika ofisi ya polisi wa usalama barabarani. Ukizitazama filamu zake zilivyojaa magari na barabara, ajira ile hutaisahau.

Miaka ya 1960 alitengeneza matangazo ya biashara ya televisheni, kama 150 hivi. Alichora picha za vitabu vya watoto, na alibuni maandishi ya majina yanayotokea mwanzoni mwa filamu za wenzake. Tangazo la dakika moja ni shule kali: huna nafasi ya kueleza, na kila kitu kilichomo ndani ya fremu lazima kiwe na kazi.

Mwishoni mwa muongo huo aliitwa kusaidia kuanzisha kitengo cha filamu katika taasisi ya malezi ya kiakili ya watoto na vijana, maarufu kwa jina la Kanun. Jina hilo si "kanuni" yetu. Kwa Kiajemi ni kitovu, au mahali pa kuotea moto. Hapo ndipo alipotengeneza filamu yake ya kwanza, *Mkate na Kichochoro* (1970), ya dakika kumi na kitu: mtoto anarudi nyumbani na mkate, mbwa amemzibia njia. Hicho ndicho kisa chote.

3. Kama alikuwa mwajiriwa wa taasisi ya serikali, anaitwaje mwongozaji huru?

Swali la haki. Kanun ilikuwa chini ya dola kabla ya mapinduzi ya 1979 na baada yake. Lakini haikuwa ikiuza tiketi. Wasanii wa pale hawakuambiwa walete nyota fulani au wimbo katikati ya filamu, kama yalivyokuwa masharti ya soko la sinema la Tehran wakati ule. Kiarostami alipewa mshahara mdogo, vifaa, na watoto wa kufanya nao kazi, akakaa humo zaidi ya miaka ishirini.

Uhuru wake mwingine ulitokana na udogo. Filamu ya watu wawili na gari moja haina gharama ya kumtia mtu hofu, na asiyekuwa na deni kubwa ana watu wachache wa kuwaomba ruhusa. Kuhusu fedha zaidi, tazama swali la 12.

4. Nianze na filamu ipi?

Anza na *Nyumba ya Rafiki Iko Wapi?* (1987). Ahmad, mtoto wa darasa la chini katika kijiji cha Koker, anafika nyumbani na kugundua kwamba amechukua daftari la mwenzake kwa bahati mbaya. Mwalimu amekwisha kuapa: mwenzake huyo akija tena bila daftari, atafukuzwa. Basi Ahmad anataka kulirudisha, na hajui rafiki yake anakaa nyumba gani katika kijiji cha pili.

Mtazame mama yake. Anafua, anamwambia fanya kazi ya shule. Mtoto akifungua daftari, anamwambia mbembeleze mdogo wako. Akibembeleza, anamwambia lete maji. Kila mara Ahmad anarudi kwenye sentensi ile ile, kwamba daftari hili si langu, na kila mara mama anamsikia bila kumsikia. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye kazi nyingi anayajua mazungumzo haya. Hakuna mtu mbaya hapo, na bado moyo unakudunda kama unatazama filamu ya upelelezi.

## Mashairi

5. Aliandika mashairi kweli, au ni sifa tu ya kusema filamu zake ni za kishairi?

Aliandika. Diwani yake ya kwanza, ambayo jina lake ni kama kusema *Pamoja na Upepo*, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1990 na kutafsiriwa mwaka 2001. Baadaye zilifuata nyingine, moja ya mbwa mwitu aliyejificha akivizia, nyingine ya upepo na jani. Neno "diwani" tunalotumia sisi ndilo hilo hilo walilonalo Waajemi. Wao wana Diwani ya Hafez, mshairi wao mkuu wa kale, sisi tuna Diwani ya Amri.

Alipozungumzia jambo hili alisema kuwa katika nyumba yake vitabu vya riwaya vilibaki vipya, kwa sababu unasoma mara moja na kuweka, ila vya mashairi vilikuwa vimechakaa kwa kufunguliwa kila siku. Alitaka filamu iwe hivyo: kitu usichokielewa chote mara ya kwanza, na wala hukasiriki kwa kutokielewa, unarudi tu.

6. Mashairi yake yana vina na mizani?

Hayana. Ni mafupi mno, mistari mitatu, minne, mitano. Katika moja mtoto wa farasi mweupe anatokeza kwenye ukungu, kisha anapotelea ukunguni, basi. Kwingine utakuta buibui anayefuma utando, nyuki, sanamu ya kutishia ndege shambani, theluji inayeyuka. Watu hulinganisha na haiku za Wajapani, na ulinganisho huo una mantiki, ingawa yeye hahesabu silabi.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, atauliza kama hili ni shairi au ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya sheria. Waajemi nao waliuliza. Wana mapokeo ya zaidi ya miaka elfu moja ya ushairi wenye arudhi, na katika karne ya 20 Nima Yushij alipoilegeza mizani alishambuliwa sana. Ugomvi wetu baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi*, diwani isiyofuata vina na mizani, mwaka 1974 ni ndugu wa ugomvi ule. Maoni yangu ni kwamba shairi la Kiarostami lina sheria, ila sheria yake haiko masikioni. Iko machoni: kitu kimoja, kinaonekana mara moja, hakielezwi. Jaribu kuongeza neno "kwa huzuni" kwenye yule farasi mweupe uone linavyovunjika.

7. Ushairi unaonekana wapi ndani ya filamu zenyewe?

Kwanza katika majina. *Nyumba ya Rafiki Iko Wapi?* ni maneno ya kwanza ya shairi la Sohrab Sepehri. *Upepo Utatuchukua* (1999) ni jina la shairi la Forugh Farrokhzad, mshairi aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 32, na ambaye mwenyewe alikuwa ametengeneza filamu fupi ya ajabu kuhusu kituo cha wagonjwa wa ukoma.

Pili katika matendo, na hapa naomba nikae kidogo. Ndani ya *Upepo Utatuchukua* mgeni kutoka mjini, wanakijiji wanamwita mhandisi, amekuja kijiji cha Wakurdi kusubiri bibi kizee afe ili apige picha za mila za maombolezo. Siku moja anatafuta maziwa. Anaelekezwa kwenye zizi lililo chini ya ardhi, giza totoro, na binti anakamua ng'ombe kwa mwanga wa kandili. Uso wa binti hatuuoni. Tunaona mikono, titi la ng'ombe, maziwa yakilia ndani ya ndoo. Mhandisi anaanza kumsomea shairi la Forugh, beti la usiku na upepo, huku maziwa yakiendelea kulia. Anamuuliza amesoma hadi darasa la ngapi. Anamwambia kuandika mashairi hakuhitaji shahada.

Shairi pale linaumiza kidogo. Mwanamume yule analitumia kama anavyotumia kila kitu kijijini, kwa faida yake, na binti hakubali kumwonyesha uso. Uzuri wa maneno na ubaya wa nia viko ndani ya zizi moja. Mwongozaji anayependa ushairi juujuu angeweka mwezi na filimbi.

8. Ni kweli aliwakatakata Hafez na Saadi?

Ni kweli, na wako Wairani ambao hawakumsamehe. Alitoa vitabu vya uteuzi wake kutoka kwa Hafez, Saadi na washairi wengine wa Kiajemi. Ghazali, aina ya shairi lao la kale, ina beti, na kila beti ina vipande viwili. Yeye alichukua kipande kimoja, akakivunja katika mistari mitatu au minne mifupi, akakiacha peke yake kwenye ukurasa mweupe.

Waliomlaumu walisema ameua muziki. Waliomtetea walisema Wairani wanazijua ghazali hizo kwa moyo kiasi kwamba hawazisikii tena, na yeye aliwalazimisha kusimama. Mimi niko na kundi la pili kwa nusu: kwa Hafez inasaidia, kwa mshairi ambaye watu hawamjui ingekuwa hasara.

## Namna alivyofanya kazi

9. Kwa nini waigizaji wake ni watu wa kawaida? Na ile habari ya Koker ni nini?

Alipendelea watu wa mahali penyewe kwa sababu walimsahihisha. Alikuwa akizungumza nao kwa siku nyingi, akisikiliza wanavyosema, kisha anawarudishia maneno yao wenyewe yakiwa yamepangwa.

Tarehe 21 Juni 1990 tetemeko kubwa lilipiga kaskazini ya Iran, eneo la Manjil na Rudbar, na kuua makumi ya maelfu ya watu. Koker ilikuwa ndani ya eneo hilo. Kiarostami alichukua gari kwenda kuwatafuta watoto waliocheza katika filamu ya 1987. Kutokana na safari hiyo akatengeneza *Na Maisha Yanaendelea* (1992), ambamo mwigizaji anacheza mwongozaji anayewatafuta watoto hao. Ndani yake kuna kijana aliyeoa siku moja tu baada ya tetemeko. Kutokana na tukio hilo fupi akatengeneza filamu ya tatu, *Chini ya Mizeituni* (1994), kuhusu vijana wawili wanaocheza mume na mke mbele ya kamera, wakati nje ya kamera binti hataki hata kumjibu mwenzake salamu. Mwisho wake ni shoti moja ndefu, yaani picha inayokwenda bila kukatwa, kutoka mlimani: nukta mbili nyeupe zinavuka shamba la kijani, moja inaifuata nyingine. Hatusikii walichosemezana.

Kijia cha zigizaga kinachopanda kilima chenye mti mmoja, ambacho watu hukikumbuka kutoka filamu hizi, hakikuwepo. Kilichongwa kwa ajili ya filamu. Husemwa kwamba alirekodi tu alichokikuta, na si kweli.

10. Nilisinzia katikati. Je, nimekosa adabu?

Hapana. Mwenyewe alisema anazipenda filamu zinazomruhusu mtazamaji alale kidogo, kisha zikamkesha usiku kwa mawazo, kuliko zinazomkamata kitini na kusahaulika mlangoni.

Ila polepole yake ina sababu. Katika *Mkate na Kichochoro* alitaka mtoto afike mlangoni, aingie ndani, na mbwa alale pale mlangoni, yote katika shoti moja isiyokatwa. Mpiga picha, aliyekuwa na uzoefu kumzidi, alimwambia hiyo ni kazi bure: piga mtoto, kata, piga mbwa. Kiarostami alikataa, na anasimulia kwamba walisubiri kama siku arobaini hadi mbwa akafanya. Baadaye alikiri kuwa huenda mpiga picha alikuwa sahihi kiufundi. Lakini ukikata, mbwa na mtoto wanakuwa wako katika dunia mbili, na hofu yote ya kisa ni kwamba wako katika kichochoro kimoja.

Nawaambia vijana wanaomuiga: shoti ndefu isiyokuwa na mbwa wa kusubiriwa ni shoti ndefu tu.

11. Ni kweli alipiga filamu Uganda?

Ndiyo, *ABC Afrika* (2001), nayo inatuhusu moja kwa moja. Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, ulimwomba atengeneze filamu kuhusu watoto walioachwa yatima na UKIMWI na kuhusu UWESO, shirika la wanawake wa Uganda la kuwasaidia yatima hao. Filamu inaanza na faksi ya mwaliko ikitoka kwenye mashine.

Alienda mwaka 2000 kwa siku kumi, pamoja na Seifollah Samadian, wakiwa na kamera ndogo za dijitali za kuandikia kumbukumbu tu. Walikusudia kurudi baadaye na vifaa vikubwa. Aliporudi nyumbani na kuangalia kanda, akaona filamu imekwisha kupigwa. Watoto walikuwa wamemzoea mwenye kamera ya kushika mkononi. Mbele ya kamera kubwa yenye miguu wasingecheza vile.

Kuna mambo mawili siwezi kuyatoa kichwani. Moja ni hospitalini: maiti ya mtoto inafungwa shuka, inawekwa ndani ya boksi la karatasi ngumu, na boksi linaondoka juu ya baiskeli. La pili ni hoteli usiku, umeme umekatika. Kwa dakika kadhaa skrini ni nyeusi kabisa. Tunasikia tu watu wakipapasa ngazi, wakiongea namna wenyeji wanavyoishi hivi kila siku, kiberiti kinawaka na kuzima. Watazamaji wa Ulaya waliona hilo kama jaribio la kisanaa. Niliowaonyesha mimi walicheka kwanza, kwa kuwa wanakujua kukatika umeme, kisha wakanyamaza.

Kasoro yake ni kwamba mgeni wa siku kumi anaona kama mgeni. Nyimbo na ngoma ni nyingi, watu wazima wenye kueleza ni wachache. Lakini ni filamu iliyokataa kuwageuza watoto wale kuwa ombaomba, na kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

12. Aliishi kwa nini? Mashairi yalimlisha?

Mashairi hayakumlisha. Yalimlisha matangazo, kisha mshahara wa Kanun, kisha, alipokwisha kujulikana nje, wafadhili wa Ufaransa, hasa kampuni ya MK2 ya Marin Karmitz. Picha zake za mnato nazo zilionyeshwa na kuuzwa. Baada ya *ABC Afrika* alibaki na kamera ndogo kwa miaka kadhaa, na filamu iliyofuata, *Kumi* (2002), ilipigwa kwa kamera mbili zilizofungwa mbele ya dereva na abiria.

## Maswali magumu

13. Kwa nini hakuhama Iran baada ya 1979?

Alijilinganisha na mti: ukiung'oa na kuuhamisha, hautazaa tunda lile lile. Alibaki, ingawa kwa miaka mingi filamu zake za baadaye hazikuonyeshwa wazi kwenye majumba ya sinema ya nchi yake. Wapo waliomlaumu kwamba hakusema vya kutosha dhidi ya serikali. Hata hivyo mwaka 2010 Cannes alizungumza hadharani akitaka Jafar Panahi, aliyewahi kuwa msaidizi wake, aachiwe kutoka gerezani.

Filamu mbili za mwisho za kubuni alizipiga Italia na Japani. Ni nzuri, na Juliette Binoche alipata tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa ile ya Italia. Lakini mti aliousema unaonekana: lugha haiko mdomoni mwake, na kikao cha chai hakina ule utulivu wa nyumbani.

14. Nje ya Iran je, milango ilikuwa wazi?

Si yote. Mwaka 2002 alialikwa na tamasha la filamu la New York na hakupata viza ya Marekani kwa wakati. Mwongozaji wa Finland, Aki Kaurismäki, alisusia tamasha hilo kumuunga mkono.

15. Nimesikia kuna mzozo kuhusu filamu ya *Kumi*.

Upo, na haufai kufichwa kwa sababu ya mapenzi. Mania Akbari, anayeendesha gari katika filamu hiyo na ambaye naye ni mwongozaji, alisema hadharani miaka ya baadaye kwamba picha zile zilikuwa zake na zilitumika bila ridhaa yake. Ametoa pia tuhuma nzito za kibinafsi. Kiarostami amekwisha kufariki. Anayeionyesha filamu hiyo leo na awaambie watazamaji habari hizi kabla ya taa kuzimwa. Mimi nafanya hivyo.

16. Mimi naandika mashairi na nataka kutengeneza filamu. Nijifunze nini kwake?

Usianze kwa kusoma shairi juu ya picha za bahari. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa vijana wetu: sauti nzito, jua linazama Pwani, maneno yanaeleza kile macho yanachokiona. Kiarostami karibu hakufanya hivyo.

Katika mafunzo aliyoendesha nchi mbalimbali alikuwa akiwapa wanafunzi kitu kidogo, kwa mfano lifti au barabara, na siku chache za kukitengenezea filamu fupi. Jipe zoezi la namna hiyo. Chukua simu, keti kituo cha daladala au gatini saa moja, andika mistari mitatu ya ulichokiona bila neno moja la hisia. Kisha piga shoti moja inayosema mistari hiyo, na uichane karatasi. Kama shoti imebaki na maana, endelea kesho.

17. Filamu yake ya mwisho ni ipi?

*Fremu 24*, iliyoonyeshwa mwaka 2017 baada ya kifo chake. Mwanawe Ahmad alisaidia kuikamilisha. Ni vipande 24, kila kimoja dakika nne na nusu hivi. Mchoro mmoja maarufu na picha alizopiga miaka mingi vimetiwa uhai kwa kompyuta: kunguru, ng'ombe ufukweni, theluji, kulungu anayeshtuka kwa mlio wa bunduki. Ndiyo filamu yake iliyo karibu zaidi na diwani, kwani unaweza kuifungua popote.

Katika kipande cha 24 mtu amelala usingizi juu ya meza mbele ya kompyuta. Kwenye skrini filamu ya zamani ya Hollywood inakwenda polepole sana, mwanamume na mwanamke wakikaribia kubusiana. Nyuma yake kuna dirisha kubwa, na nje miti inayumba kwa upepo.